Shume, Koko na Moto: Msamiati wa Uhifadhi na Hatima ya Ndege Adimu wa Msitu wa Kakamega

Utangulizi

Wazungumzaji wa Kiswahili wana neno shume, yaani paka dume mkubwa aishiye bila kufugwa, na wana neno koko, linalotumiwa kwa mbwa asiye na mwenyewe. Maneno haya ni ya zamani, na mara nyingi husikika katika matusi na utani kuliko katika mijadala ya kitaaluma. Hata hivyo, yanabeba tofauti ambayo wataalamu wa uhifadhi huieleza kwa maelezo marefu: tofauti kati ya mnyama wa porini kwa asili yake na mnyama wa nyumbani aliyelihama zizi au meko akaanza kuwinda. Kimburu ni paka wa porini. Shume si kimburu. Mbwa mwitu ni spishi yake. Mbwa koko ni mbwa yuleyule wa kijijini aliyekosa wa kumlisha.

Makala haya yanachunguza tofauti hiyo kwa kurejelea ndege mmoja adimu wa Msitu wa Kakamega, magharibi mwa Kenya. Hoja inayojengwa ni kwamba juhudi za kumlinda kiumbe yeyote huanza kwa kumtambua adui wake halisi, na kwamba msamiati unaotumiwa na wahifadhi, wanavijiji na walimu una nafasi kubwa katika utambuzi huo. Anayesema kwa jumla kwamba ndege wanamalizwa na “wanyama wakali na moto” hajasema uongo, lakini hajamwambia mlinzi wa msitu asimame wapi.

Msitu wenyewe

Msitu wa Kakamega umo katika mwinuko wa takriban mita 1,500 hadi 1,700 juu ya usawa wa bahari na hupata mvua ya karibu milimita 2,000 kwa mwaka. Wanasayansi huuhesabu kuwa mabaki ya mashariki kabisa ya misitu ya mvua ya aina ile iliyoenea katika bonde la Kongo na Afrika Magharibi. Ndiyo maana hupatikana humo ndege, vipepeo na nyoka ambao hawaonekani kwingineko nchini Kenya.

Historia ya kuulinda msitu huu ni ndefu na ina migongano. Ulitangazwa kuwa msitu wa hifadhi mwaka 1933, wakati ambapo dhahabu iliyogunduliwa Kakamega miaka miwili hivi kabla ilikuwa imeleta wachimbaji waliohitaji mbao za kuegemeza mashimo na kuni za mitambo. Mwaka 1967 zilitengwa hifadhi mbili za asili, Yala na Isecheno. Katikati ya miaka ya 1980 eneo la kaskazini la Buyangu, pamoja na kipande cha Kisere, liliwekwa chini ya idara ya wanyamapori. Hadi leo msitu mmoja una wasimamizi wawili: kusini ni Shirika la Huduma za Misitu, na kaskazini ni Shirika la Huduma kwa Wanyamapori.

Kuuzunguka msitu wanaishi Waisukha, Waidakho, Watiriki, Wakabras na majirani zao Wanandi. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 1,867,579 katika Kaunti ya Kakamega, wastani wa zaidi ya watu 600 kwa kila kilomita mraba. Hesabu hiyo inafaa kukumbukwa kila linapotajwa neno “mpaka wa msitu”. Mpaka huo si mstari katika ramani. Ni ukuta wa jikoni ya mtu, ni kamba ya ng’ombe wake, ni njia ya mtoto aendaye kutafuta kuni.

Ndege na majina yake

Ndege anayezungumziwa hana jina la Kiswahili lililoenea. Kitaaluma anaitwa Eremomela turneri. Jina hilo lilitolewa mwaka 1920 na van Someren kwa heshima ya Turner, mkusanyaji wa vielelezo vya ndege nchini Kenya. Sehemu ya kwanza ya jina imetokana na maneno ya Kigiriki yenye maana ya jangwa na wimbo, kwa kuwa jamaa zake wengi huishi katika nyika kavu. Kwa hiyo kiumbe huyu wa msitu wenye mvua kuliko karibu yote nchini anabeba jina la mwimbaji wa jangwani, na juu yake jina la mtu. Hakuna hata sehemu moja ya jina hilo inayoeleza anaishi wapi wala anafananaje.

Ni ndege mdogo sana, mwenye urefu wa takriban sentimita tisa tu kutoka ncha ya mdomo hadi ncha ya mkia. Mgongo wake ni wa kijivu, paji la uso lina rangi ya kahawia iliyoiva, koo ni jeupe, na chini ya koo hupita utepe mwembamba mweusi mfano wa mkufu. Hula wadudu. Hutembea katika makundi madogo kwenye vilele vya miti mikubwa, akiruka kutoka kitawi hadi kitawi, mara nyingi akifuatana na ndege wa spishi nyingine. Mtu aliye chini husikia sauti nyembamba za haraka kabla ya kuona chochote, na akiona, huona tumbo na koo.

Nchini Kenya hupatikana Kakamega na katika misitu ya Nandi, hasa Nandi Kusini, ambako kunaaminika kuwa na idadi kubwa kuliko kwingine kokote. Nje ya Kenya, ndugu zake wachache wanajulikana kutoka mashariki mwa Kongo na kusini magharibi mwa Uganda. Katika orodha ya kimataifa ya viumbe walio hatarini kutoweka, amewekwa miongoni mwa walio hatarini.

Somo la visiwa

Maandiko mengi kuhusu ndege adimu na wanyama walioghairi ufugaji yametoka visiwani. Katika Kisiwa cha Stephens, New Zealand, mnara wa kuongozea meli ulianza kuwaka mwaka 1894. Paka walifika pamoja na walinzi wa mnara, na katika miaka michache tu ndege mdogo asiyeweza kuruka aliyeishi kisiwani humo akawa ametoweka. Katika Kisiwa cha Kangaroo, Australia, moto wa kiangazi cha 2019 na 2020 uliteketeza karibu nusu ya kisiwa. Viumbe walionusurika walijikusanya katika viraka vilivyosalia, na shume wakawafuata humohumo. Moto uliondoa maficho, paka akamalizia kazi.

Pwani ya Waswahili ina mfano wake. Kunguru wa Bara Hindi aliletwa Unguja mwanzoni mwa miaka ya 1890, inasemekana ili asaidie kula takataka za mjini. Hakukomea kwenye takataka. Alianza kula mayai na makinda ya ndege wa kienyeji, akavuka hadi bara, na kufikia mwaka 1947 alikuwa Mombasa. Mwaka 2024 serikali ya Kenya ilitangaza mpango wa kuwaangamiza kunguru hao kwa kiasi cha milioni moja. Zaidi ya karne moja imepita kati ya uamuzi wa mtu mmoja mwenye cheo na gharama hiyo.

Mifano hii ni ya kweli na inafundisha. Tatizo hutokea inapohamishwa mzima mzima hadi Kakamega. Ndege wa kisiwani hakuwahi kumjua mnyama mla nyama wa miguu minne, kwa hiyo hakuwa na kinga. Ndege wa Kakamega ameishi tangu jadi pamoja na kanu (mnyama, si chama), nguchiro, fungo, nyoka wapandao miti, vipanga na tai mwenye taji. Hawa wote hula ndege au mayai, na hakuna hata mmoja anayestahili kuitwa adui wa uhifadhi. Mwanakijiji aliyeambiwa “ua wanyama wanaokula ndege” bila kufafanuliwa ataanza na kanu na nguchiro, ambao pia humwibia kuku, na atakuwa ameujeruhi msitu kwa nia njema.

Hapa ndipo shume na koko wanapothibitisha faida yao ya kileksika. Tangazo linalosema “mbwa koko na paka shume wasiachwe kuingia msituni” linaeleweka papo hapo na mtu yeyote aliyekulia katika Kiswahili. Halimgusi kanu. Linaelekeza lawama kwa binadamu aliyeacha kumlisha au kumfunga mnyama wake, na hilo ndilo kiini cha tatizo: shume hazaliwi na msitu, hutoka kijijini.

Je, shume na koko wanamdhuru eremomela? Kwa uzito wa moja kwa moja, ni kidogo. Paka hupanda mti, lakini hawezi kutembea kwenye vitawi vya mwisho vya mti wenye urefu wa mita 25 au zaidi akimfuata ndege mwepesi kama karatasi. Wanaodhurika ni wale walao na kutaga chini au karibu na chini: kwale, na ndege wa vichakani wanaofuata misafara ya siafu ili kudaka wadudu wanaokimbia. Kakamega inasifika kwa ndege hawa wa siafu. Mbwa awindaye, awe koko au awe na mwenyewe, hupita mlemle wanamopita wao, tena siafu wanaowategemea kuwafurushia wadudu huhitaji kivuli na unyevu wa msitu uliofunga.

Moto katika msitu wa mvua

Msomaji anaweza kuuliza msitu unyeshewao milimita 2,000 unaunguaje. Ndani kabisa, chini ya dari lililofunga, ni nadra kuungua: majani yaliyoanguka hubaki na unyevu hata mwezi wa Januari. Lakini Msitu wa Kakamega haukufunga kila mahali. Umetobolewa na mbuga ndogo za nyasi, baadhi za kale na nyingine zilizozaliwa na ukataji, na kingo zake ni ndefu kwa sababu umekatwakatwa vipande. Nyasi hukauka kati ya Desemba na Februari. Mchungaji anayetaka majani mabichi kwa ng’ombe wake huwasha moto. Mkulima anayechoma mabiwi shambani huondoka kabla hayajazimika. Upepo humaliza yaliyobaki.

Moto huo hausambai kama ule wa Australia. Unaramba. Mwaka huu huunguza nyasi na miche iliyoanza kuchipua ukingoni. Miti mikubwa ya pembeni huunguzwa gome na baada ya muda hukauka upande mmoja. Jua hupenya pale palipokuwa na kivuli, nyasi huota mita chache zaidi ndani, na mwaka unaofuata moto huwa na njia ndefu zaidi. Mtu anayetembelea msitu mara moja hataona lolote la kutisha. Aliyeishi kando yake miaka thelathini hukumbuka mti uliokuwa mpakani ambao sasa umesimama peke yake katikati ya nyasi.

Upo moto wa aina ya pili, mdogo kabisa kwa macho na mbaya zaidi kwa ndege huyu. Ni moto unaowashwa chini ya mti mmoja. Mrina asali asiye na vifaa huwasha moshi kwenye tundu la mti mkubwa wenye nyuki, na moto ukiachwa unaweza kuendelea kula moyo wa mti kwa siku kadhaa. Mchoma makaa naye huchagua mti mgumu na mnene, kwa kuwa ndio utoao makaa mazito, akaukata na kuufukia katika tanuri la udongo. Miti hiyo ndiyo yenye vilele anamoishi eremomela. Ikiongezwa kwamba miti kama mwiritsa imechunwa magome kwa ajili ya dawa hadi mingine ikafa ikiwa imesimama, picha inaanza kukamilika: adui mkuu wa ndege huyu ni pengo katika dari la msitu, liwe limefunguliwa na shoka, tanuri, mrina asali au moto wa nyasi uliosogea.

Kwa ndege mwenye uzito wa gramu chache anayeishi juu, pengo si jambo dogo. Yeye hutafuta chakula kwa kusafiri juu ya vilele vinavyokaribiana. Kipande cha msitu kilichozungukwa na mashamba ya chai na mahindi kwake ni kisiwa. Misitu ya Kakamega na Nandi, ambayo inaaminika kuwa hapo zamani ilikuwa mmoja, sasa imetengana. Hata mkanda wa chai ulioanzishwa mwaka 1986 ili kuikinga misitu ya serikali dhidi ya uvamizi ulipandwa, katika sehemu kadhaa, kwa kufyeka kwanza msitu uleule uliokusudiwa kukingwa. Chai imesaidia kuonyesha mpaka, hilo halipingwi. Ila ndege wa vilele hawezi kuitumia.

Hatua zinazofaa

Ikiwa adui ni pengo, basi ulinzi una sura yake. Njia za kuzuia moto hufyekwa kando ya mbuga za nyasi kabla ya Desemba, na makubaliano ya malisho huandikwa mapema ili mchungaji asiwe na sababu ya kuwasha. Warina asali hupatiwa mizinga na vifukizo, na mizinga huwekwa ukingoni ambako mwenye nyuki atakuwa wa kwanza kuuona moshi. Miche ya miti ya kienyeji hupandwa penye mapengo na katika ukanda unaounganisha vipande, kwa subira, kwani mti wa kilele haupatikani kwa muhula mmoja wa bunge.

Baadhi ya haya yanafanyika. Sheria ya Misitu ya mwaka 2005, na ile iliyoichukulia nafasi mwaka 2016, iliruhusu jamii zinazopakana na misitu kujiunga katika vyama na kushiriki katika usimamizi. Upande wa Kakamega chama cha Muileshi ni matokeo yake. Tangu miaka ya 1990 vijana wa Isecheno waliunda mpango wa elimu ya mazingira uliowafikia wanafunzi wa shule za jirani. Wakulima wa kikundi cha Muliro hulima mrihani wa kienyeji uitwao mwonyi, ambao mafuta yake hutengenezewa dawa ya kuchua iuzwayo kwa jina la Naturub. Ni pato dogo, lakini gunia moja la makaa lisilochomwa ni mti mmoja uliosalia.

Suala la lugha

Sheria zilizotajwa ziliandikwa kwa Kiingereza. Ibara ya 7 ya Katiba ya mwaka 2010 inakitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha mbili rasmi. Kati ya ibara hiyo na mkutano wa chama cha msitu pana nafasi ambayo wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili wana ujuzi wa kuijaza. Isitoshe, mkutano wa namna hiyo huwaleta pamoja Mwisukha, Mtiriki na Mnandi, na lugha inayowakutanisha wote ni Kiswahili.

Kutafsiri istilahi pekee hakutoshi. Istilahi kama “spishi vamizi” ni sahihi, na imekwisha kukubalika, lakini mbele ya wazee inahitaji mfano. Shume, koko, kurina, biwi, tanuri: haya ni maneno ambayo tayari yana picha ndani yake. Mwandishi wa kanuni za msitu akiyatumia, kanuni hiyo itamtaja mtu na kitendo chake. Palipo na “usababishaji wa moto usioidhinishwa” patakuwa na “kuacha biwi likiwaka”, na kila mtu atajua ni nani aliyeondoka shambani jana jioni.

Kuhusu jina la ndege, tahadhari inahitajika. Ni rahisi kudhani kwamba kiumbe akipewa jina la Kiswahili atapendwa, na akipendwa atalindwa. Kasuku anaikanusha dhana hiyo. Hakuna ndege mwenye jina linalojulikana zaidi katika Kiswahili. Yumo katika misemo, katika vitabu vya watoto, na mwanafunzi anayekariri bila kuelewa huitwa kwa jina lake. Pamoja na hayo, kasuku wa kijivu wa mwituni, ambaye nchini Kenya Kakamega ilikuwa ngome yake, amebakia wachache wa kuhesabika. Umaarufu wake ulimfanya atafutwe, akanaswa akiwa kinda na kuuzwa. Biashara ya kimataifa ya kasuku waliokamatwa mwituni ilipigwa marufuku kwa uamuzi wa mwaka 2016, wakati ambapo hali ya Kakamega ilikuwa imekwisha kuharibika.

Jina, basi, lina manufaa likimfundisha mtu pa kutazama. Kumwita “eremomela wa Turner” kunafaa katika orodha za kitaaluma, na hakuna haja ya kulikataa. Kwa matumizi ya darasani na mikutanoni, jina la maelezo lingesaidia zaidi, na ingekuwa vyema litolewe na wanaomtazama ndege huyo kutoka chini, maana hakuna anayemtazama kutoka juu. Paji la kahawia, ambalo vitabu hulitaja kwanza, halionekani kutoka ardhini. Kinachoonekana ni koo jeupe na ule utepe mweusi. Kwa msingi huo “kidege-mkufu” ni pendekezo linaloweza kujadiliwa, sambamba na jina lolote ambalo wazee wa Isukha au Nandi watathibitisha kuwa walikuwa nalo tangu awali. Likipatikana, hilo lipewe nafasi ya kwanza.

Mwanafunzi atakayefanya utafiti huo wa majina atalazimika kuwapeleka wazee hao hadi chini ya mti wenyewe, asubuhi, kabla jua halijapanda, na kuinua shingo pamoja nao. Atahitaji mti mrefu, na wenzake kando yake wawe bado wamesimama.